Mashine Inapiga Resi, Boti Haiendi: Pima Mguu Kabla ya Kufungua Pampu

Nahodha mmoja kijana wa boti ya mbao kutoka Kigombe, kusini ya Tanga, aliniletea mashine ya boti ya Yamaha, ya nguvu za farasi 40, ikiwa imelazwa juu ya godoro kwenye bajaji ya mizigo. Hata hajakaa, akaanza: "Fundi, hii nimeshaibadilishia impela ya pampu ya maji mara mbili, nikanunua na pangaboi jipya, na bado inalia tu. Tukitoka nje ya mwamba inapiga kelele kama mtu kaitoa majini."

Nikamuuliza boti iko wapi. Iko ufukweni kwao. Nikamwambia irudishwe kwenye bajaji, twende wote, siifungui.

Hakufurahi, na mafuta ya bajaji alilipa yeye. Tulipofika niliweka rula ya mbao chini ya boti, nikapima ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti unaofungiwa mashine: inchi 20 na nusu. Nikapima mguu wa mashine, ile sehemu inayoshuka majini: inchi 16 na nusu. Ile ilikuwa mashine ya mguu mfupi iliyofungwa kwenye boti ya mguu mrefu, na panga, yaani hilo pangaboi linalosukuma boti, lilikuwa likifanya kazi juu sana, pale maji yanapochanganyika na hewa. Aliyemuuzia alimwambia "arobaini ni arobaini tu". Impela ya kwanza iliungua kwa sababu hiyo, na ya pili ilikuwa njiani kuungua.

Nimeona kesi ya namna hii mara nyingi mno, na inaniuma kila mara, kwa sababu fedha inayopotea ni ya mvuvi na futi ya kupimia inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo kama mashine yako ina mojawapo ya dalili nitakazozitaja hapa, soma kwanza, pima, halafu ndiyo ushike spana.

Namba tatu za kukumbuka

Mashine za kufunga nyuma ya boti hutengenezwa kwa urefu wa mguu wa aina tatu zinazoonekana sana: mfupi inchi 15 (sentimita 38), mrefu inchi 20 (sentimita 51), na mrefu zaidi inchi 25 (sentimita 64 hivi). Ipo na ya inchi 30, lakini hiyo ni ya mashine kubwa kwenye boti kubwa. Kila hatua ni inchi 5, na inchi 5 ni karibu nusu ya kipenyo cha panga la mashine ya 40. Ndiyo maana ukikosea hatua moja tu, mambo yanaharibika.

Kwenye Yamaha, angalia herufi ya mwisho ya namba ya modeli kwenye kibati cha kibano: S ni fupi, L ni ndefu, X ni ndefu zaidi. Angalia ya mwisho, maana E40XMHL ina X katikati, na ile X haihusiani na mguu. Mguu ni ile L. Lakini mashine zilizotumika hubadilishwa miguu, na kibati hufutika kwa chumvi. Futi haidanganyi. Nenda nayo kwa muuzaji.

Kupima mashine: isimamishe wima kwenye stendi. Anzia ndani ya kibano, pale juu kabisa panapokaa kwenye ukingo wa ubao wa boti, shuka sambamba na mguu hadi kwenye bapa. Bapa ni ile sehemu pana iliyolala kama sahani juu kidogo ya panga. Ishia hapo. Wengi hupima hadi ncha ya pezi la chini, wanapata inchi 25 au zaidi, wanaamini wamenunua mashine ndefu kumbe ni fupi. Na usishangae ukipata inchi moja au mbili juu ya namba ya kiwandani: mguu wa 15 mara nyingi unapima 16 au 17, na wa 20 unapima 21 au 22. Hiyo ni kawaida.

Kupima boti: pima katikati ya ubao wa tezi, pale mashine itakapokaa, wala si pembeni, kwa sababu boti nyingi zimekatwa katikati ili mashine ishuke. Chukua ubao ulionyooka, ubane chini ya tumbo la boti kwa urefu, uache utokeze nyuma kama mkono mmoja. Sasa teremsha futi kutoka ukingo wa juu hadi kwenye ubao ule. Hiyo ndiyo namba yako. Kama mkuku, ule mti wa katikati chini ya boti, unafika mpaka mwisho wa boti, pima hadi chini ya mkuku.

Mashine ikishafungwa, bapa linatakiwa kukaa karibu usawa na chini ya boti. Kwa boti nyepesi ya faiba inayopanda juu ya maji, usawa kabisa au hata inchi moja juu ni sawa. Kwa boti ya mbao inayobeba samaki, barafu na watu, mimi hutaka bapa liwe chini ya tumbo kwa inchi moja, hata mbili. Utapoteza mwendo kidogo sana, ila panga litabaki majini wimbi likija.

Dalili: inalia kwenye wimbi na kwenye kona, maji yakitulia inatulia

Hii ndiyo dalili kubwa ya mguu mfupi. Boti inakwenda vizuri asubuhi bahari ikiwa shwari, halafu upepo ukianza, kila tezi inaponyanyuka, mashine inapaza sauti ghafla, mwendo unakufa, nyuma kunatokea povu jeupe. Ukipunguza resi inashika tena. Ukikata kona kali, vivyo hivyo.

Kinachotokea ni hiki. Panga linahitaji maji mazito ya kuyasukuma. Linapozunguka karibu na uso wa maji linavuta hewa kutoka juu, na likishaivuta linazunguka ndani ya mapovu bila kushika kitu. Bapa limewekwa pale kama kifuniko ili hewa isiteremke kwenye panga. Bapa likiwa juu ya usawa wa tumbo la boti kwa inchi 3 au 4, kifuniko hakifuniki tena.

Kabla hujalaumu mguu, fanya jaribio ambalo haligharimu kitu. Endesha kwenye wimbi lile lile mashine inapolilia, na waambie watu wawili watoke omo (mbele) waje kukaa tezi (nyuma). Kama kelele inakwisha au inapungua sana, basi tatizo ni kina cha panga. Yule kijana wa Kigombe alinisimulia mwenyewe kabla sijauliza: mashine ilikuwa nzuri wakienda, ikaharibika kila wakivuta wavu, wakati wote wamesimama mbele. Alidhani ni kwa sababu mashine imepata joto wakati huo.

Jaribio la pili: angalia pini ya mlalo, ile fimbo inayopita kwenye matundu ya kibano na kuzuia mguu usiende ndani zaidi. Ikiwa imewekwa tundu la nje kabisa, mguu unasukumwa nyuma, panga linapanda na omo inanyanyuka. Irudishe ndani tundu moja, jaribu tena. Boti ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, bapa linatakiwa lilale sambamba na uso wa maji. Nimewahi kumaliza malalamiko ya miezi kwa kuhamisha pini hiyo tu, na sikumdai mtu chochote.

Baada ya hayo ndipo futi inakata shauri. Bapa likiwa juu ya tumbo la boti zaidi ya inchi moja na nusu kwenye boti ya kazi, umepata jibu.

Dalili: inakojoa kwa kukatakata, inapata joto

Mashine nzima inakojoa mfululizo. Maji ya kupozea yanatoka kwenye kitundu chake bila kukoma. Ukiona yanatoka, yanakata, yanatoka tena, mtu wa kwanza utakayemfikiria ni impela, na mara nyingine ni kweli. Lakini angalia inakata lini. Inakata hata ukiwa umesimama kwenye maji shwari? Basi ni impela, au mfuko wa nailoni umeziba tundu za kuingizia maji, au kitundu chenyewe kimezibwa na chumvi au mchanga. Chokoa kwa waya laini. Inakata wimbi linapoinyanyua tezi tu, au mashine inapolia tu? Hapo pampu inavuta hewa kama panga linavyovuta, kwa sababu tundu za kuingizia maji ziko pembeni mwa giaboksi, chini kidogo ya bapa. Bapa likitoka nje, nazo ziko karibu kutoka.

Impela ni mpira, na kinachoilainisha ni yale yale maji inayoyapandisha. Ikizunguka kavu, mabawa yake yanaungua na kukatika kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo ukiweka impela mpya kwenye mashine yenye mguu mfupi, unaipeleka kuungua. Na ukifungua pampu ukakuta bawa limekatika, litafute hicho kipande. Kisipokuwa ndani ya pampu kimepanda na maji, na huko juu kitaziba njia ya kupozea kichwa cha injini.

Dalili: boti nzito, mkono mzito, maji yanaruka juu ya tezi, mafuta yanakwisha mapema

Huu ni upande wa pili, mguu mrefu kwenye boti ya mguu mfupi. Watu hawaulalamikii sana kwa sababu panga halilii. Lakini ukimuuliza nahodha, atakwambia boti imekuwa mvivu, mkono wa usukani unavuta upande mmoja mpaka bega linauma, na kuna shuka la maji linalopanda nyuma na kumwagikia ndani. Mguu ulioshuka inchi 5 zaidi unakokotwa majini kama nanga. Na kwenye mwambao wetu, wa matumbawe na fungu za mchanga zinazoibuka maji yakitoka, hizo inchi 5 ndizo zinazogonga. Ukikuta pezi la chini limeliwa au limepinda na panga lina meno kama msumeno, pima bapa liko chini kiasi gani. Kwenye boti ya kazi, hadi inchi 2 sina neno nalo. Ikifika 4 au 5, inua.

Dalili: inazima ikiwa sailensa, hasa boti ikijaa

Nyuma ya mguu, juu ya usawa wa maji, kuna kitundu cha kupumulia moshi wakati mashine iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila resi. Ubao wa tezi ukiwa chini, na boti ikajazwa samaki na barafu, tezi inazama, kitundu kinafunikwa na maji, mashine inakosa pa kutolea moshi, inatetemeka na kuzima. Ukipiga resi inakwenda. Mafundi wengi hapa hukimbilia kabureta. Hamisha mzigo mbele kwanza, uone. Ikikubali sailensa, kabureta iache ilivyo. Tezi yako iko chini mno kwa mzigo unaobeba.

Dalili: inalia popote, hata maji yakiwa kama kioo

Hapa nakuomba usiguse ubao wa boti, kwa sababu huenda urefu wa mguu hauna kosa. Katikati ya panga kuna kitovu cha chuma chenye meno kinachovaliwa kwenye shafti, na kati ya kitovu hicho na panga lenyewe kuna mpira. Mpira huo umewekwa uachie panga likigonga kitu, giaboksi isivunjike. Ukizeeka, au baada ya kugonga mara moja kwa nguvu, unaachia ovyo. Ukienda polepole unashika, ukiongeza resi unateleza. Mashine inapanda, boti haiendi, na nyuma maji yanabaki safi bila lile povu jeupe la hewa.

Kuipima ni rahisi. Zima mashine, toa kamba ya usalama (ile inayozima mashine ikichomoka), vua panga. Kausha mbele ya kitovu kwa kitambaa, kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu inaonekana vizuri, uchore mstari mmoja mwembamba ulionyooka kutoka kwenye chuma cha kitovu, upite juu ya mpira, hadi kwenye mwili wa panga. Subiri ikauke. Lirudishe, nenda safari fupi yenye resi kubwa, vua tena uangalie. Mstari ukiwa bado umenyooka, mpira ni mzima. Nusu ya ndani ikiwa imehama na nusu ya nje imebaki mahali pake, umepata mwizi wako, na dawa yake ni kubadili mpira au panga. Mashine ndogo sana hazina mpira huo. Zina pini inayokatika, na ikikatika panga halizunguki vizuri au halizunguki kabisa.

Mkuku mnene, na mashine ya ubavuni

Kuna boti ambayo vipimo vyote viko sawa na bado panga linavuta hewa. Ukiikuta hivyo, pita nyuma uangalie mkuku. Boti nyingi za mbao za pwani zina mkuku mnene uliokatwa wima mwishoni, mbele ya panga kabisa. Maji yanayopita pembeni mwake hayajiungi haraka. Yanaacha nafasi yenye mapovu, na panga linaingia humo humo. Bapa likishushwa inchi 2 chini ya mkuku mara nyingi linapona. Lisipopona, fundi wa boti auchonge mkuku sehemu ya mwisho, pembeni zipungue taratibu badala ya kukatika ghafla. Kazi hiyo mwachie aliyejenga boti au mwenzake. Ukiupunguza bila kujua misumari iko wapi utavujisha boti nzima.

Dau na ngalawa ni habari nyingine, kwa kuwa hazina ubao wa tezi na mashine inakaa kwenye ubao uliofungwa ubavuni. Hapo tumbo la chombo halikupi kipimo, kipimo ni uso wa maji. Chombo kikiwa kitupu, kwenye maji tulivu, pima kutoka juu ya ubao wa mashine hadi majini, ongeza inchi 4 hadi 6, na hiyo ndiyo nafasi ya bapa. Pima kikiwa kitupu, kwa sababu ndipo kinapoelea juu zaidi. Chombo kinapoyumba, upande mmoja unanyanyuka na mashine nao, kwa hiyo hapa mguu mrefu karibu kila mara ni bora kuliko mfupi. Wenzetu wa Ziwa Victoria wenye mitumbwi ya Sese yenye ubao wa tezi watapima kama boti ya kawaida, ila mawimbi ya ziwani ni mafupi na yanafuatana upesi, kwa hiyo nao wasilipandishe bapa juu ya usawa wa tumbo.

Kurekebisha

Mashine ndefu, ubao mfupi: hii ndiyo rahisi. Ongeza ubao. Tumia mvule au mbao ngumu nyingine iliyokauka, unene ule ule wa tezi, na uishike kwa bolti zinazopita upande wa pili zenye washa pana, wala si misumari. Ukiinua inchi 5, msukumo wa mashine unaupinda ubao kwa nguvu zaidi kuliko zamani, kwa hiyo weka mihimili miwili ndani inayoshuka hadi kwenye mataruma (mbavu za boti). Inua kwa hatua: weka kipande cha inchi moja, jaribu baharini, ongeza. Panga likianza kulia kwenye kona, shuka inchi moja, baki hapo.

Mashine fupi, ubao mrefu: hapa watu hushika msumeno haraka, nami huwazuia. Ukikata tezi inchi 4 umefungua mlango wa bahari. Boti inapopunguza mwendo ghafla, wimbi lake yenyewe linaifuata kutoka nyuma na kuingilia hapo. Kama ni lazima ukate, jenga ndani kizingiti kilicho juu kama tezi ya zamani, chenye tundu za kurudisha maji nje. Njia iliyo bora ni kubadilishana. Yule nahodha wa Kigombe alimpata mwenye faiba ndogo ya tezi ya inchi 15 aliyekuwa akihangaika na mashine ndefu, wakakaa, wakaongezana kidogo, kila mmoja akaondoka na mguu unaomfaa.

Kuna vifaa vya kurefusha mguu kwa baadhi ya modeli: shafti ndefu zaidi, kipande cha mwili wa mguu, bomba la maji na fimbo ya gia. Kwa mashine iliyotumika mara nyingi bei haikubali. Na tafadhali, mtu akikwambia ataiunga shafti kwa weldingi, chukua mashine yako uondoke. Nimeiona ikikatika, na ilikatikia mbali na nchi kavu.

Siku ya kujaribu

Mtu mmoja ashike usukani akiwa amefunga kamba ya usalama mkononi, mwingine aangalie nyuma. Asiwe ni yule yule. Kwenye mwendo wa kazi, bapa linatakiwa lionekane likipitiwa na maji membamba juu yake, au limefunikwa kidogo tu. Likiwa kavu, uko juu. Likiwa halionekani kabisa na maji yanapanda mguu, uko chini. Jaribu na mzigo wa kweli, viroba vya mchanga vinatosha, na ukate kona pande zote mbili.

Mkirudi ufukweni kaza tena vibano, kwa sababu ubao mpya hubonyea safari ya kwanza, na funga kamba nene kutoka kwenye mashine hadi kwenye taruma. Kesho yake, kaza tena.